Paji la Uso la Maman Kwafezi

Ulikuwa mwaka wa impungure. Ukimwuliza mtu wa Kamembe mwaka ule ulikuwa wa ngapi, atakuna kichwa. Mwulize tulikula nini, atakujibu upesi: impungure, mahindi makavu ya msaada, ya njano. Unayachemsha tangu asubuhi, kuni zinakwisha, na bado yanakutazama kutoka ndani ya sufuria. Ukipata maharagwe unachanganya humo, chumvi kidogo, basi, mnakaa mnatafuna mpaka mataya yanauma. Vita ilikuwa imetutoa Congo, sisi Wanyarwanda tuliokulia kule, ikatuvusha mto Rusizi na kututupa katika nchi tuliyoijua kwa hadithi za wazazi tu. Mwaka huo ndipo nilipomwona yule mwanamke, na siku hiyohiyo nikaanza kumwonea wivu.

Jina lake silitaji. Hata mtaani hatukulitumia. Tulimwita Maman Kwafezi, yaani mama msusi, kwa sababu kazi yake ilikuwa nywele. Alizaliwa wapi, babu yake alikuwa nani, hayo waachieni wanaopanga posa. Mimi nasema niliyoyaona kwa macho yangu, na macho yangu hayajawahi kuvaa miwani.

Alisukia karibu na soko, chini ya shitingi ya buluu, turubai la msaada lililofungwa kwenye miti minne. Hakukuuliza unataka mtindo gani. Alikushika kichwa kwanza kwa vidole vyote, taratibu, kama mtu anayetafuta avoka iliyoiva, kisha akakwambia, "Weye haulale muzuri," au, "Weye ulilia jana." Na kweli ulikuwa umelia. Wanawake waliondoka pale wamesukwa kichwa na wamefunguliwa moyo, wakimsifu njia nzima. Mimi pia nilikwenda. Nilikaa kwenye kile kigoda nikiwa nimekunja uso, na vidole vyake vilipoanza kazi nikasinzia kama mtoto. Nilikasirika sana nilipoamka. Mtu usiyempenda hana haki ya kukulaza usingizi.

Alikuwa na sheria moja: nywele za mbele hazivutwi. Wanawake wengi walitaka awakaze, ngozi ya uso ivutike, mikunjo ipotee, waonekane wasichana. Yeye alikataa.

"Nywele za mbele ni batoto," alisema. "Batoto habakokotwi."

"Kaza kidogo, Maman, nina harusi."

"Enda kwa mwingine akukaze mpaka ushindwe kufunga macho. Utalala ukiangalia mabati."

Watu walicheka, wakabaki palepale. Kama ni mimi ningemwambia mteja hivyo, angeondoka na kigoda.

Alikuwa mtu wa kinyume-kinyume. Mikono yake ilitoa na mdomo wake ulibana. Atakupa nusu ya chakula chake, lakini neno moja la pole utalingoja mpaka uchoke. Hakupenda kushukuriwa. Ukimwambia merci, anakujibu, "Merci haishibishe," na anageuka. Kanisani aliketi mlangoni kabisa kama mtu aliyekuja kumsubiri mwenzake. Lakini redio ya jirani ikipiga rumba, mabega yake yalicheza. Mabega tu. Miguu imetulia, uso umetulia, na mabega yanakwenda Kinshasa na kurudi. Wanaume wa watu walikuwa wakipita pale wakijifanya wanatafuta misumari. Wangu naye alikuwa akitafuta misumari mingi sana kwa mtu asiyejenga.

Na nywele alikuwa nazo. Nyingi, nyeusi, nzito, zinaanzia chini kabisa kwenye paji. Nasema haya ili mjue kilichoharibika kilikuwa nini.

Uharibifu ulianza wakati vita ya Congo ilipowaka mara ya pili, wakati milio ya Bukavu ilikuwa ikivuka maji na kututikisia vikombe mezani. Kwanza mwasho. Nilimwona anasuka mtu, mara anaacha, anageuza kitana, anajikuna mbele kwa mkia wa kitana, anaendelea. Ukimtazama karibu, palipoota unywele palikuwa pekundu kidogo, kama pamechomwa na sindano. Halafu nywele zikaanza kurudi nyuma. Hazikukatika, hazikunyonyoka kwa mafungu. Zilirudi kidogo-kidogo, zote kwa mstari mmoja kutoka sikio mpaka sikio, kama maji ya ziwa yanavyoacha ufuko wakati wa kiangazi. Ngozi iliyobaki ilikuwa nyororo, imeng'aa, haina tundu hata moja la nywele, na ilikuwa nyeupe kuliko paji lenyewe. Paji la zamani lilijua jua, hili jipya lilikuwa limefichwa miaka yote. Na katikati ya uwanja huo ukabaki unywele mmoja hapa, mmoja kule, umesimama peke yake kama muhindi uliosahauliwa baada ya mavuno.

Nyusi zikafuata. Zilianza kupungua pembeni, kisha zikaisha. Uso usio na nyusi ni kitu cha ajabu. Alionekana kila wakati kama mtu aliyeletewa habari sasa hivi na hajaelewa. Mishipa ikajitokeza pande za paji. Kwenye panda la uso pakaota vipele vidogo visivyouma, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mashavuni na shingoni yakaja madoa ya kijivu, rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Mimi, nitasema kweli, nilifurahi. Nilichana nywele zangu nje, mbele ya mlango, juani, na nilichukua muda.

Mtaa ukaanza kusema. Kwanza walisema ni mukorogo, zile dawa za kujichubua. Nilikuwa wa kwanza kukubali. Nikaenda kwa Maman Zaituni, Mwislamu mwenye duka la mafuta na wanja pale Kamembe, nikamwambia, "Si unaona? Mukorogo umemla uso."

Maman Zaituni alikuwa anapanga chupa. Hakugeuka.

"Hajanunua kwangu hata kichupa kimoja," alisema. "Wanaonunua mukorogo nawajua wote, kwa majina ya watoto wao. Nikutajie, Maman Claudine?"

Claudine ni binti yangu wa mwisho. Nikatoka dukani. Mimi nilikuwa nikipaka mikononi tu.

Basi ya mukorogo yakafa. Yakaja mengine, na haya ndiyo yaliyoniua mimi.

Nyinyi mnaosoma, huenda hamjui mugozi. Wanawake wa upande wa Bukavu hawabebi mzigo kichwani kama wengine. Wanaufunga mgongoni kwa kamba pana, na kamba hiyo wanaipitisha mbele, juu ya paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Shingo ndiyo inayovuta. Mwanamke anainama, anatazama ardhi, anabeba unga, kuni, mchanga wa kujengea, vitu ambavyo punda angevikataa. Hiyo ndiyo mugozi. Aliyeibeba miaka mingi ana alama yake: mstari kwenye paji, nywele zimesagika, wengine hata mfupa umeingia ndani.

Siku moja alivuka mwanamke wa kule, mbebaji, mzee, kuja kuuza unga wa mihogo. Akasimama chini ya shitingi kupumzika. Kitambaa cha Maman Kwafezi kilikuwa kimeteleza. Yule mzee akauona ule mstari mweupe unaotoka sikio mpaka sikio, akagusa paji lake mwenyewe, akasema kwa huruma, "Ee dada. Na weye ulibebaka sana."

Maman Kwafezi alivuta kitambaa, akachukua kitana, akaendelea kusuka.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi nikingoja zamu, nilisikia kimya chake chote. Lakini kimya cha mtu anayependwa ni kama unga wa chachu. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua: Maman Kwafezi alimbeba mama yake mzazi kwa mugozi wakati wa kukimbia, ndiyo maana paji limekwisha. Kila aliyesimulia aliongeza mlima. Kwanza alimtoa karibu na Bukavu. Baadaye alimtoa mbali. Mwishowe, mkiwasikiliza, alimtoa karibu na jua linapolala.

Na kwetu mtaani, sisi tuliotoka Congo, kubeba kulikuwa ndiyo cheo. Nchi hii ina urugori, lile taji jembamba la ganda la mtama ambalo mama aliyezaa huvaa kwenye paji la uso. Siku ya harusi ya binti, mama yake anavaa. Desturi ya zamani, ya wote. Sisi tuliorudi tukaiongezea yetu: urugori wa mama wa bibi harusi unafungwa na mwanamke aliyebeba mtu njiani akamfikisha hai. Hatukuandika popote, hatukupiga kura. Ilikuja tu, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na aliyefikishwa na asiyefikishwa. Mwanamke huyo anaketishwa mbele, anapewa sahani ya kwanza, wali wa Bugarama na kipande cha nyama chenye mfupa, na anapofunga lile taji watu wote wanasimama.

Wakaanza kumwita Maman Kwafezi. Harusi hii yeye, harusi ile yeye. Alifunga vizuri, siwezi kukataa. Mikono ilikuwa ileile iliyozoea vichwa. Alifunga, akashuka, akala kidogo, akaondoka kabla ya ngoma. Watu wakasema, "Mwoneni, hata hajivuni."

Sasa nisikilizeni mimi.

Mimi nilibeba. Nilimbeba mama mkwe wangu, mama wa mume wangu, kutoka upande wa Walungu mpaka daraja la Rusizi, mugozi kwenye paji hili. Miguu yake ilikuwa imevimba, hatembei. Mume wangu alikuwa ametangulia na watoto. Nilimfunga mgongoni kwa vitenge viwili na ngozi ya ng'ombe, nikapitisha kamba, nikanyanyuka. Alikuwa mzito, na ulimi wake ulikuwa mzito kuliko yeye.

"Unanitikisa kama gunia ya mihogo!"

"Vumilia, Mama."

"Mwanangu angeoa mwanamke mwenye mgongo. Huu ni mgongo ama ni ngazi?"

"Vumilia, Mama."

"Na jasho yako inanuka."

Milima yote hiyo. Alinitukana tukipanda, alinitukana tukishuka. Mara moja tu alinyamaza, nikashtuka, nikadhani amekufa. Kumbe alikuwa amelala. Nilimfikisha. Akaishi miaka mingine kule Mururu kwa mwanawe mkubwa, akanenepa, akafa kitandani na shuka safi. Na mpaka anakufa, kila Jumapili akisimama kanisani kutoa ushuhuda, alisema hivi: "Mungu alinibeba. Alinibeba mgongoni mwake kutoka Congo mpaka Rwanda." Watu wanapiga makofi. Mimi nimekaa pale, benchi ya tatu. Mungu hakuwa na kidonda kwenye paji. Mimi nilikuwa nacho, kikavunda, nikakifunga kwa jani la mgomba.

Lakini kilipona. Hiyo ndiyo balaa yangu. Ngozi yangu ni ngozi nzuri, ya ukoo, inapona. Nywele zikaota, nyingi kuliko mwanzo. Nilikuwa nawainamia wanawake, nawaambia, "Pitisha kidole hapa, kuna kabonde." Wanapitisha kidole. "Hatuoni kitu, Maman Claudine. Una paji kama la msichana." Wanadhani wananisifu!

Mmeona basi. Mwanamke mwenye nywele anamwonea wivu mwenye upara. Nilikuwa nalala na hilo, naamka nalo, nalipika pamoja na sombe, majani ya mihogo.

Claudine wangu alimpenda kuliko kiasi. Alisukwa naye tangu ukubwa wa kigoda, na alipopata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Bugarama, bado alipanda Kamembe kila mwisho wa wiki kusukwa naye tu. Ni yeye aliyesikia kwamba daktari wa ngozi amekuja kutoka Butare kuona wagonjwa. Kazi haikumruhusu, akaniambia mimi nimpeleke.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu utauliza maswali, Maman. Yeye atanyamaza."

Hapo alisema kweli.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alikuwa na kioo kidogo chenye taa. Akaangalia ule mstari kwa muda mrefu, akaangalia nyusi, akakunja mikono ya gauni akaangalia mikono. Hata vinyweleo vya mikono vilikuwa vimekwisha. Mimi sikungoja.

"Daktari, ni mugozi, si ndiyo? Banasema ni kamba ilimukula."

Akatabasamu. "Kamba inang'oa nywele, kweli, Mama. Inavuta, na ikivuta sana inaacha kovu. Lakini mara nyingi pale mbele kabisa inabakiza nywele fupi-fupi, kama upindo wa kitambaa. Huyu hana. Na kamba haili nyusi."

Akaeleza kwa maneno ya kawaida. Ni ugonjwa. Mwili wenyewe unaipiga vita mizizi ya nywele, unaiua, na mahali pake panakuwa kovu laini, tundu limeziba. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kuacha kuona siku zao. Vipele vya usoni ni ugonjwa uleule, umekamata vinyweleo vidogo. Madoa ya kijivu nayo huja nao mara nyingi kwa ngozi zetu nyeusi. Chanzo hasa hawakijui. Nywele zilizokwenda hazirudi. Dawa ipo ya kujaribu kuuzuia usiendelee, ya kupaka na ya kumeza, na aanze sasa.

Nilikuwa nasikia kama mtu anayehesabiwa haki. *Kamba haili nyusi.* Nikalirudia moyoni nisilisahau.

Yeye aliuliza swali moja tu. "Inaambukiza? Miye nashika vichwa ya bantu."

"Hapana, Mama. Hauambukizi hata kidogo."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka. Kumbe hiyo tu ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. Njiani alinunua muhindi wa kuchoma, akauvunja, akanipa kipande kikubwa.

Nilikula kile kipande, na nilipofika mtaani nikasema. Nilisema kwa Maman Zaituni, nilisema bombani, nilisema kwenye foleni ya kusaga. "Si mugozi! Daktari kasema. Ni ugonjwa! Kamba haili nyusi!" Sikuwa nimeahidi kunyamaza.

Mnajua walisemaje? Waliweka mikono mashavuni. "Masikini Maman Kwafezi. Alibeba mama yake, na juu ya hayo sasa ni mgonjwa." Wakampelekea maziwa. Wakampelekea ndizi. Maman Zaituni akampelekea wanja mzuri wa bure na akamfundisha kuchora nyusi, na yeye akafanya mchezo nazo: siku ya furaha anachora zimeinama, siku ya hasira anachora zimesimama kama paa. Mteja akifika anatazama nyusi kwanza. "Leo zimesimama. Nirudi kesho?" "Kaa. Ziko zasimama kwa ajili ya mwingine." Mtaa ukacheka mwezi mzima. Hata ugonjwa wake ulikuwa na watu.

Dawa zilimsaidia. Mwasho uliisha, mstari ulisimama pale ulipokuwa. Sikufurahi wala sikuhuzunika. Nilichoka tu.

Kisha Claudine akaposwa. Kijana wa upande wa Ruhwa, anavusha bidhaa mpakani, familia ya heshima. Nikaanza kuota urugori. Nilikuwa nimezaa, nimebeba, nimefikisha. Na sasa mtaa wote utasimama na macho yote yatakuwa kwenye paji langu. Nilitaka jambo hilo moja tu katika maisha haya. Siyo wali, siyo nyama.

Claudine akaja jikoni, akakaa juu ya kinu.

"Maman Kwafezi ndiye atakufunga."

"Hapana. Kuna mke wa mchungaji. Alimbeba dada yake."

"Maman Kwafezi."

"Yule hakubeba mtu! Nani alimwona? Mimi ndiye niliyebeba! Nilimbeba koko wako, mama ya papa yako!"

"Koko alisemaka ni Mungu."

Nilimtupia mwiko. Ulimpita. Aliuokota, akaupangusa, akaurudisha sufuriani, akasema polepole, "Yeye alinishika kichwa tangu niko mudogo. Kama siye yeye, basi hakuna urugori. Utavaa kitambaa kama wageni." Ana kichwa kigumu huyo mtoto. Sijui alikitoa wapi.

Basi nikaenda. Nilivaa kitenge changu kizuri. Njia nzima niliomba akubali, na njia nzima niliomba akatae.

Ilikuwa alasiri. Alikuwa amezeeka, amehamia kwenye chumba kimoja kwenye mteremko, ziwa linaonekana chini. Alikuwa amekaa kizingitini bila kitambaa, anajipaka mafuta kichwani. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake chote wazi. Paji lilikuwa limepanda mpaka karibu na utosi, linang'aa, na nyuma yake nywele zimesimama mvi. Nyusi hakuwa amechora. Hakujifunika aliponiona.

"Maman Claudine. Ingia. Ama uko naogopa kiti?"

Nikaketi. Nikasifu mandhari. Nikauliza habari za dawa. Nikasema mvua itakuja. Yeye anajipaka tu. Mwishowe nikalitoa kama jino:

"Claudine anataka ufunge urugori yangu."

Akaweka kichupa chini.

"Sitafunga. Sikubebaka muntu."

"Acha maringo. Umefunga mtaa mzima."

"Bale bamama nilibafunga kwa sababu habakubebaka. Mimi sikubeba, bo habakubeba, tuko sawa. Lakini weye ulibeba."

Nilimtazama. "Nani alikuambia?"

"Nilikuona."

Akasema yote bila kuniangalia, anaangalia maji. Mama yake alichoka kwenye mlima, akaketi juu ya jiwe, akamwambia tangulia, nitakufuata. Naye akatangulia. Kamba alikuwa nayo kiunoni, na mgongo alikuwa nao, bado una nguvu. Akatangulia. Kwenye mteremko akanikuta mimi mbele yake, nimeinama, mugozi kwenye paji, na yule mzee mgongoni anatukana.

"Alisema mgongo yako ni ngazi," alisema. "Nilitembea nyuma yako mpaka daraja. Sikuweza kupita mbele. Nilikuwa naangalia ile mugongo."

Miaka yote! Miaka yote nilikuwa nawainamia watu wapapase kabonde, na shahidi alikuwa amekaa chini ya shitingi ya buluu, ameshika kichwa changu kwa vidole vyake vyote. Damu ilinipanda. Nikasimama.

"Uliniona na ulinyamaza? Bananiita muongo, na weye unakula sahani ya kwanza!"

"Ningesema nilikuona, bangeniuliza nilikuwa natoka wapi. Na nilikuwa na nani."

Nilikuwa nimekuja na wivu umejaa mdomoni, na sasa haukuwa na pa kukaa, lakini haukutoka pia. Nilimwonea wivu hata hapo. Kwamba aliona. Kwamba katika watu wote wa dunia hii, aliyeuona mgongo wangu ulivyokuwa siku ile ni yeye, na mimi sikuuona. Na papo hapo sikumtaka tena mke wa mchungaji, sikumtaka mtu mwingine yeyote. Nilitaka mikono yake.

Mimi siombi mara mbili. Muulizeni yeyote. Nilichuchumaa mbele ya kizingiti chake, kitenge changu kizuri kwenye vumbi, nikashika mkono wenye mafuta.

"Njoo ufunge," nilisema. "Kwa sababu uliniona. Njoo tu, ufunge, dada."

Hakuutoa mkono wake. Akaniangalia na ule uso usio na nyusi, akasema:

"Sitafunga. Sikubebaka muntu."